Sanduku la Chini ya Meza

Saa tatu na nusu asubuhi atelye yangu ya kushonea hapa Butembo ilijaa bamama mpaka mlangoni. Katikati alisimama bibi arusi, Jemima, ndani ya gauni la dantela, lesi nyeupe, nililomshonea. Nje magari yalipiga honi. Ibada ya ndoa ilikuwa mjini Beni, mtaa wa Beu, saa saba, na kwenye barabara ile, kwa hofu ya waasi, hakuna anayetaka kuchelewa.

"Jemima, tuonyeshe kidogo vile utaimba na chorale," mama mmoja akasema.

Jemima akainua mikono juu. Krrr!

Kwapa la kulia la gauni lilipasuka, likafunguka kama mdomo.

Kosa lilikuwa langu. Sikumpima. Vipimo vya waimbaji wote wa chorale yetu ninavyo ndani ya kaye, daftari langu la kazi, tangu Pasaka ya mwaka jana, nikajiambia, huyu namjua, tunasimama mstari mmoja kila Jumapili. Kumbe mwili wake haukungoja kaye yangu.

"Tia kipande," akasema Tantine Eliane, shangazi yake, yule aliyeleta dantela kutoka Kampala. "Lakini kipande iko wapi? Weye mwenyewe uliniambia kama hakuna yenye ilibakia."

Nilimwambia hivyo, tena mbele ya watu. Na sasa nusu metre ya dantela yake ilikuwa imelala ndani ya sanduku chini ya meza ya kukatia, karibu kabisa na kiatu chake.

Sanduku lile nililirithi kwa marehemu Malachie, mzee aliyenifundisha kazi. Yeye alifundishwa na mama mmoja Mwingereza wa misioni, akapenda kutuchekesha na maneno ya mafundi wa kwao wa zamani. Vipande vya mteja ambavyo fundi anajifichia waliviita kabichi. Mahali pa kuvitupia, chini ya meza, waliita jehanamu. Tulicheka, halafu kila mmoja wetu akawa na jehanamu yake.

"Tutie pini," mmoja akasema.

"Pini? Imutobole mbele ya pasta?" akajibu Joyeuse, jirani yangu. Habari ikiingia sikio la Joyeuse asubuhi, saa sita iko mpaka Kayna, mji wa mbali.

Wakacheka. Jemima hakucheka. "Mama Kyakimwa, nitaimba mikono chini sawa mufungwa wa buloko?" Machozi yakaanza kuharibu poda.

Honi tena, ndefu.

Nikapiga magoti. Nikavuta sanduku mpaka katikati ya nyumba, nikatoa dantela.

Tantine Eliane akaipokea, akaipima kwa mkono wake. "Ulisema hakuna."

"Nilidanganya, Tantine."

"Yesu!" mtu akasema nyuma. Halafu mwingine: "Ngoja. Ile si liputa yangu, kitenge ya Noeli?"

Wakainama wote juu ya sanduku. Mimi nikakata vipande viwili vya pembe nne, kimoja kwa kila kwapa. Kipande cha namna hiyo Mzee Malachie alikiita goseti. Alisema zamani Uingereza neno hilo lilikuwa la kipande cha nyavu za chuma, kilichoziba kwapa la askari, pale ambapo mkuki unapata njia. Mashini ilikimbia, na nyuma yangu nilisikia wakitajiana vitambaa: hii ya ubatizo, hii ya matanga ya mama.

"Inua mikono," nikasema.

Jemima akainua mpaka juu kabisa. Hakuna kilichopasuka.

"Wasingya," akashukuru Tantine Eliane, bila kunitazama. "Bamama, kila mutu atwae yake. Twende."

Magari yakaondoka. Aliyebaki ni Joyeuse peke yake, ameshika kipande cha kitenge cha kijani. Nilikitambua: nilikificha nilipomshonea yeye.

"Miye nilikuwa naapia batu," akasema. "Nawaambia, Kyakimwa hapana iba."

"Ikala kidogo kwenye kiti, Joyeuse. Nikupikie chai."

Akakunja kitenge chake vizuri, kona kwa kona, akatoka. Ndani ya sanduku hakukubaki hata uzi.