Bahari ya Wastani

Fundi cherehani aliishi ghorofa ya chini, na cherehani yake ndiyo iliyowalisha wanawe. Tangazo lilipobandikwa kwamba mtaa uko mita moja juu ya usawa wa bahari, jirani yake kinyozi, bingwa wa kila jambo, alimtuliza.

"Dada, lala usingizi. Mita nzima!"

"Walipima bahari ikiwa imekupwa au imejaa?"

"Wastani. Katikati."

"Ahaa. Basi ikija, tutaiomba ije kwa wastani."

Akaipandisha cherehani kwa shemeji yake, ghorofani. Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu.

Bahari ilipojaa kupita kawaida ikaingia mtaani, kinyozi alibisha hodi huko juu, kiti cha kunyolea kichwani, suruali imelowa hadi kiunoni.

"Karibu, kaka," fundi alisema akiendelea kushona. "Hapo kiunoni ndipo wastani?"