Unga wa Tusekile

"Nimesema hayupo," Yonathani alirudia, mara ya tatu tangu waketi. "Mwanamke nisiyemwona nitamwitaje mke wangu?"

"Kwa hiyo ugali uliokula mchana ulijipika wenyewe?" mama yake, Ketrina, alimuuliza kutoka mlango wa jiko.

"Mama, sijasema hapiki."

"Halimi?"

"Analima. Nasema haonekani."

"Na wewe, miaka miwili uliyokaa migodini, nani alikuwa anakuona?"

Wanaume wakacheka kidogo, kisha wakarudi kwenye shauri lao. Walikuwa watatu, wamekaa uani kwa Anania, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Itumba. Anania mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Yonathani, mwanawe, alikuwa amerudi mwezi uliopita kutoka kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka. Wa tatu alikuwa Nikodemo, baba wa mke anayezungumziwa. Mke mwenyewe, Tusekile, alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwao na chungu cha togwa mikononi. Wao walikiona chungu.

Jambo lilianzia kwenye heshima. Alipoolewa, mwaka wa 1941, Tusekile alifundishwa kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakohoa, aache njia, aingie kwenye majani, ageuke, ajifunike. Asimtazame, asimtaje jina. Tusekile alikuwa msichana mwenye bidii. Mwaka wa pili kivuli chake kikaacha kumfuata. Mwaka wa nne vikaondoka viganja, na kabla ya mavuno ya mwaka wa tano, uso.

Mganga wa zahanati alimpa dawa ya minyoo. Mchungaji aliendelea kumpa meza ya Bwana: alinyoosha mkate hewani, na mkate ukapokelewa. Karani wa boma alipokuja kuhesabu watu aliona jembe linapanda na kushuka shambani, akaandika mwanamke mmoja. Nguo nazo zilipotea. Kila alichovaa mara mbili kilihesabika kuwa chake, basi kikaenda naye.

"Mimi nami nilipotea, nikaonekana tena wiki aliyozikwa baba mkwe wangu," Ketrina alimwambia wakati ule. "Nilijiona kwenye maji ya mtungi, nina mvi. Vumilia tu, binti."

Anania alikuwa na afya njema. Alitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe. Tena, kwa kuwa mkamwana haonekani, alikuwa ameacha kukohoa anapoingia uani, akakaa popote alipopenda. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba kwake heshima imekamilika.

"Ng'ombe wenu wa mahari walizaa zizini kwangu," Nikodemo alisema sasa. "Siwezi kujifanya sijui. Kama mke amewapotea, ni juu yangu kuleta mwingine. Ndiyo maana nimekuja na mdogo wake."

Mdogo wake, Elina, alikuwa ameketi juu ya mkeka wake karibu na ghala la mahindi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Nyumbani aliambiwa kwamba anakuja kumsaidia dada yake kusaga.

"Mkwe wangu, umesema kiungwana," Anania alisema.

Nikodemo akageukia upande kilikokuwa chungu. "Mwanangu, upo?"

Mkamwana hazungumzi mbele ya baba mkwe, na baba mkwe alikuwa pale, anakunywa togwa.

"Mnaona wenyewe," Yonathani alisema. "Nimeleta kitambaa cha maua kutoka kule. Nimvike nani? Nikipita naye kanisani watu wanadhani natembea peke yangu."

Anania aliinuka kwenda kunyoosha miguu. Alipokaribia ghala alimwona Elina, akakumbuka kwamba sasa kuna mkamwana wa kumwona. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi chake cha kwanza kwa miaka mitatu. Elina, ambaye Ketrina alikuwa amemfundisha asubuhi, aliruka kutoka kwenye mkeka, akajibana nyuma ya ghala, akajifunika kichwa kwa kanga mpaka hatua zilipoishia.

Kisha akaenda jikoni, ambako Tusekile alikuwa amerudisha chungu.

"Dada, angalia." Akautoa mguu wa kushoto. Kidole kidogo hakikuwa na ukucha. Haukuwa umeng'oka, ila haukuonekana. Akapaka mate, akasugua. "Hauumi."

"Najua," Tusekile alisema.

"Utaonekana tena?"

Tusekile aliutazama ungo. Ulikuwa umejaa unga wa mahindi aliousaga tangu jogoo wa kwanza. Unga ule haukuwa wake. Ulikuwa wa nyumba, na vitu vya nyumba havikuwahi kupotea naye. Akaunyanyua ungo juu ya kichwa chake na kuumimina wote.

Kwanza yalitokea mabega, halafu pua, halafu matiti na tumbo na magoti. Akajikung'uta macho. Akatoka uani, akapita kati ya wanaume, akasimama mbele ya kigoda ambacho Anania alikuwa amekikalia tena.

Baba mkwe naye haruhusiwi kumtazama mkamwana. Anania alijifunika uso kwa kofia, akainuka, akaenda kinyumenyume, akamkanyaga kuku, akapotelea kwenye mibuni. Bila mwenye nyumba shauri halifungwi.

Nikodemo alimtazama binti yake.

"Umekonda," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Basi mke yupo. Mimi sileti wa pili kwa mke aliyepo." Akamwita Elina. Elina alijitwika mkeka wake, wakaondoka kabla Anania hajarudi. Kwenye kona ya njia Elina aligeuka, akampungia dada yake mkono.

"Sawa," Yonathani alisema. Alikuwa anamtazama mkewe. "Jairo ana mabinti watatu pale ng'ambo ya mto." Akafuta vumbi kwenye viatu vyake vya migodini, akashika njia ya mtoni.

Ketrina aliokota ungo.

"Huu ulikuwa unga wa jioni."

"Najua, mama."

"Basi saga mwingine."

Tusekile alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Kila aliposukuma, unga ulimdondoka, ukachanganyika na ule mpya. Kilipotosha kipimo cha jioni, kilikuwa kimebaki kuonekana kiwiko kimoja tu, nacho Ketrina alikifagia unga asipoteze chakula. Nje Anania alirudi kutoka kwenye mibuni. Hakukohoa. Akakaa.

Mahindi yalikuwa bado nusu kapu. Tusekile alisikiliza kule mtoni kwa muda, kisha akasaga ungo wa pili ambao hakuna aliyeuagiza. Akautia kwenye chungu, akafunga mdomo wa chungu kwa jani la mgomba, akaupandisha kwenye dari juu ya mafiga. Akaona ni juu mno. Akaushusha, akauweka kwenye ubao wa chini, nyuma ya mlango, maana mabinti wa Jairo wote ni wafupi.