Mshale Ulioshuka

Mshale wa joto ulipoanza kushuka, Antonia alisema afadhali, injini imepoa. Mimi nikasimamisha Landrova palepale kwenye kona, juu kidogo ya geti la Ngorongoro. Mlima bado mkali, gari linahema, halafu joto lishuke lenyewe? Sikuipenda hata kidogo.

Nyuma tulikuwa na sanduku la barafu lenye chanjo ya sotoka. Mzee Parsimei, aliyeteremka Karatu kutufuata, alilikumbatia. Ng'ombe wa boma lake walikuwa wameanza kufa, na waliobaki walifungiwa zizini wakitusubiri. Antonia, mganga wa mifugo, alishatuonya kwamba chanjo ikipata joto haina kazi tena.

Nilifungua boneti, nikachomoa waya wa ile sensa ya joto iliyochomekwa kwenye injini, nikaugusisha kwenye bodi ya gari kuijaribu geji. Antonia akaniambia mshale umeruka hadi kwenye nyekundu. Basi geji nzima, na waya mzima. Maji ya injini ndiyo yalikuwa yamekwisha. Sensa ilikuwa imekaa pakavu, haina maji ya kupima.

Kweli, mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka. Niliufunga kwa kipande cha tyubu, lakini dumu la maji ya akiba tulishalimaliza getini. Tukakaa tukisubiri injini ipoe. Hakuna gari lililopita. Kila nilipolitazama lile sanduku nilishindwa kusema nililokuwa nawaza, mpaka Parsimei akanisemea.

"Hiyo barafu, ipe gari."

Antonia alikataa. "Mzee, watakaokufa ni ng'ombe wako."

"Na tukilala hapa, watapona?"

Tulimimina maji ya sandukuni kwenye rejeta, na barafu tukaisukumiza humo vipande vipande. Parsimei akavua shuka lake, akalilowesha kwa maji kidogo yaliyobaki, akafunga chupa za chanjo ndani yake, akalishika kwa mikono yote miwili nje ya dirisha, kwenye ukungu na upepo wa mlimani. Niliendesha nikitazama mshale, halafu yeye, halafu mshale tena. Meno yake yaligongana njia nzima. Nilimsihi apumzike kidogo, akazidi kulikaza lile shuka.

Tulipofika bomani, vidole vyake vilikataa kufunguka. Tulivinyoosha kimoja kimoja. Antonia akatoa chupa moja, akaiweka shavuni, akafumba macho.

Kisha akaagiza aletwe ng'ombe wa kwanza.