Bomba la Tumboni mwa Fundi

Mama Pasi hafui nguo kabla ya kuipekua mifuko. Ndiyo kawaida ya madobi, na yeye alikuwa dobi tangu usichana wake, katika kibanda chenye pasi mbili na meza moja nyuma ya soko. Mifukoni mwa watu alishakuta pete, meno ya bandia na barua za mapenzi ambazo hazikuandikwa na mke wa mwenye suruali. Vyote alivirudisha kimya. Ila asubuhi ile alitia mkono katika koti la mume wake mwenyewe, akatoa pakiti ya vidonge iliyotobolewa karibu yote. Alikalia beseni lililopinduliwa.

Vidonge alivijua. Vilikuwa vile vya kupunguza asidi, ambavyo Fundi alivimeza miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya kiungulia. Daktari alimkataza kuvigusa tangu siku alipowekewa bomba.

Habari ya bomba ilikuwa hivi. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na mfereji wala choo ambacho hakukitia mkono, aliugua kongosho. Sehemu ya kongosho ikafa, ikaoza humohumo, na nyuma ya tumbo kukajitengeneza mfuko wa majimaji machafu na nyama iliyokufa. Daktari akapitisha kamera mdomoni mwake, akatoboa ukuta wa tumbo kutokea ndani, akaweka bomba fupi la chuma kati ya tumbo na ule mfuko. Uchafu ukawa unamwagikia tumboni. Kisha kila baada ya muda alirudishwa, akalazwa kwa dawa ya usingizi, daktari akaingia kupitia bombani na kuvuta ile nyama mbovu kipande kwa kipande. Safari moja damu ilimtoka nusura aage dunia.

Na mfuko haukwisha. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi asubuhi, anakwenda hospitali mchana, anarudi kufua mashuka ya mgonjwa jioni. Alikuwa amechoka hoi bin taabani, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu anayeulizwa hali ni mgonjwa. Safari ya mwisho daktari alimvuta pembeni kwenye korido. "Mama, tutaingia mara moja nyingine. Tukikuta bado kumejaa, itabidi tumpasue. Na kwa moyo wake ulivyo dhaifu, sitakudanganya, sijui kama ataamka."

Maneno hayo alikuwa ameyabeba peke yake siku zote hizo. Sasa yeye anayabeba, mwenzake anatafuna vidonge kama karanga! Alisimama, akaingia ndani.

Fundi alikuwa amelala kwenye kochi, mifupa mitupu, anasikiliza bomba la jirani linavyovuja na kumlaani aliyelifunga.

"Hii nini?" Mama Pasi alimwonyesha pakiti.

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Mama watoto, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua. Si uliambiwa uache?"

Fundi aliangalia dari. Alikuwa na sura ya mtu aliyebanwa mlangoni na mwenye duka. "Lile bomba ni la chuma," alisema hatimaye. "Wewe umewahi kuona asidi inavyokula chuma? Mimi nimeona. Tulimwaga asidi kuzibua mtaro wa ile nyumba ya wageni, baada ya muda bomba likawa chujio. Sasa huyu daktari, binti wa watu, ananitia chuma tumboni, halafu ananiambia niiache asidi ijimwage itakavyo. Nikaona basi, nitailinda kazi yake mimi mwenyewe."

"Ukamuuliza lakini?"

"Nimuulizeje mbele yako, mbele ya manesi? Fundi hamkosoi fundi mwenzake mbele ya mwenye nyumba. Unanyamaza, ukibaki peke yako unarekebisha."

Mama Pasi alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe. Mume wake alikuwa akijiua kwa adabu.

"Na mwenye nyumba hapa ni nani?" aliuliza. "Tumbo ni la nani? Mwenye nyumba ni wewe, Fundi! Mimi mpangaji tu, ila ikianguka inaniangukia mimi. Daktari ameniambia wakikupasua huenda usiamke. Umesikia? Na mimi nimechoka. Nimechoka, nimechoka, nimechoka."

Katika ndoa yao yote Fundi hakuwahi kumsikia mkewe akisema neno hilo, na sasa alikuwa amelisema mara nne mfululizo.

"Usimwambie daktari," alinong'ona. "Ataniona mjinga."

"Mwache akuone."

Siku ya kliniki aliiweka pakiti juu ya meza ya daktari, akaeleza yote, huku Fundi akikazia macho viatu vyake. Daktari hakucheka wala hakugomba. Alishusha pumzi ndefu, kwani na yeye alikuwa amekesha.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilikwambia uache, sikukwambia kwa nini. Hili bomba, mzee, chuma chake hakishiki kutu, na limevikwa ngozi laini ya plastiki. Limetengenezwa kukaa humo. Halafu halikai sana, tunalitoa, maana mfuko ukinywea linaweza kukwaruza mshipa na kuleta damu. Ile asidi ndiyo kibarua wetu. Mimi naingia mara mojamoja, yenyewe inalainisha nyama mbovu usiku na mchana. Wewe umekuwa ukimfukuza kibarua."

"Kwa hiyo ni vidonge ndivyo vilivyonichelewesha?"

"Siwezi kuapa. Wapo wanaomeza na wanasafika, wapo wasiomeza na bomba linaziba. Lakini homa huna, kwa hiyo nitakuongezea muda kidogo kabla ya kuzungumza habari za kisu. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, njoo mbio."

Muda huo ulikuwa wa moto mtupu. Kiungulia kilimpanda Fundi hadi kooni, akawa anakaa wima, ameegemea mito na nguo za wateja zilizokunjwa. Aliomba kidonge. Aliomba nusu. Aliomba akilambe tu. Mama Pasi moyo ulimuuma kuliko alivyoonyesha, lakini alikataa, na kila asubuhi alipekua mifuko yote, hadi ya suruali alizokuwa hajazivaa tangu augue. Kidonge hakukiona tena. Usingizi nao hakuuona, maana kila mume wake alipokwenda chooni alimfuata akachungulie rangi.

Siku ya kuingia tena alikaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akitazama mlango. Hakuomba chochote kwa maneno. Maneno yalikuwa yamekwisha.

Daktari alitoka, ameshusha barakoa kidevuni. "Kumesafika, mama. Mfuko umenywea. Bomba nimelitoa. Hakuna kisu."

Mama Pasi alitaka kupiga kelele za furaha, nguvu hazikupatikana. Alisema "asante" mara moja, akaelekezwa kwenye kiti kando ya kitanda cha Fundi.

Fundi alipozinduka, sauti ikiwa bado imekwaruza, jambo la kwanza aliloomba ni kuonyeshwa bomba. Nesi aliliosha, akamletea katika kikopo. Alilishika kwa vidole viwili, akalichungulia kwenye mwanga wa dirisha, akalipapasa kwa dole gumba, akalinusa. Alitafuta kutu kama alivyoitafuta maisha yake yote. Hapakuwa na hata doa.

"Daktari," aliita, na manesi wote wakasikia. "Kazi yako nzuri. Mimi ndiye niliyekosea."

Kisha akageuka ili amwambie mkewe vilevile. Mama Pasi alikuwa amelala palepale kitini, kichwa ukutani, mdomo wazi, mkoba umeanza kuteleza mapajani. Nesi alinyoosha mkono amwamshe, kwa kuwa ruhusa ilishatoka na kitanda kilihitajika.

Fundi alimzuia. Aliukamata mkoba kabla haujaanguka, akajivuta taratibu hadi ukingoni mwa kitanda, miguu chini.

"Kitanda chukueni," alisema. "Yeye mwacheni. Leo nangoja mimi."