Panya wa Arobaini na Moja

Kila asubuhi, kabla wakubwa hawajanywa chai, panya arobaini walipimwa sukari. Mama Panya, kama maabara nzima ilivyomwita, alimtoa mmoja mmoja kwa heshima zote, akamchoma mkiani, akalikinga tone la damu kwa kijiti cha kupimia. Kisha kila mheshimiwa alikunywa dozi yake ya maji ya majani na kurudi kwenye maranda safi.

Mhudumu wao naye alikuwa na sukari, na kidonda mguuni alichokifunga kwa kipande cha shuka. Yeye hakupimwa na mtu.

Majani aliyaonyesha mwenyewe. Alimpandisha mkuu wa maabara kilimani nyuma ya kwao, akamwambia, "Baba, haya ndiyo marehemu mama alikuwa akichemsha." Mkuu alishukuru mno. Mwezi uliofuata kilima kikazungushiwa seng'enge, na mlinzi juu yake.

Basi Mama Panya akaanza kunywa masalio ya chupa, yale ya kumwagwa kwenye sinki. Lakini sheria ya maabara ilikuwa moja: kila tone linaloingia kinywani liandikwe. Naye hakuwa mwizi. Chini ya panya wa arobaini akapiga mstari, akaandika 41, na kila siku akajichoma kidole, akajaza sukari yake.

Mwisho wa mwezi mkuu aliingia na daftari, anameremeta.

"Huyu arobaini na moja ni kiboko! Kaanza na kumi na tisa, leo saba! Yuko kizimba gani? Wageni wanataka kumwona."

Mama Panya akausogeza mguu nyuma ya ndoo.

"Ndiye mimi, baba."

Msaidizi wa mkuu akapasuka kicheko, akakimeza haraka.

"Wewe ni panya?" mkuu akauliza.

"Nimepungukiwa mkia tu."

"Umekunywa mali ya utafiti, unajua?"

"Nimekunywa cha kumwagwa. Na kidonda kinafunga, hebu tazama..."

"Sitaki kuona mguu wa mtu. Leta funguo."

Akazitoa. "Basi niruhusu nichume kule kilimani. Gao moja tu la mkono kwa siku."

"Kilima kina wenyewe, mama."

"Wenyewe ndio akina nani?"

Mkuu alikuwa ameshageukia daftari.

"Mstari huu niufute?" msaidizi akauliza.

"Una wazimu? Ndio mzuri kuliko yote."

"Sasa siku zilizobaki tujaze nini? Hatupimi tena."

Mkuu akachukua kalamu, akaandika neno moja.

"Afe na sukari saba, mkuu?"

"Panya hufa tu."

Mama Panya, aliyekuwa akifungua vifungo vya koti la kazi, alilisoma neno lile kutoka pale aliposimama. *Amekufa.* Akalitundika koti msumarini, akaokota kandambili zake, akatoka akichechemea.

Nyuma yake panya arobaini wakaanza kukwaruza vizimba. Saa ya dawa yao ilikuwa imefika.