Mfalme Aliyekosa Pa Kwenda

Fundi cherehani alitaka nusu pointi tu. Nusu hiyo ingemwingiza kwenye timu ya sataranji ya mji. Akifungwa, arudi zake kwenye mashine akapinde mapindo. Na bahati ilivyo na kisirani, raundi ya mwisho wakampanga na wifi yake, dada wa mumewe, nesi mwenye ulimi wa wembe, ambaye nafasi yake kwenye timu alishaipata tangu juzi.

"Wifi, nipe sare yaishe," akanong'ona.

"Sare unashona wewe. Mimi sitoi."

Nesi akasukuma askari wa pembeni kabisa. Fundi naye akasukuma wa pembeni. Watazamaji wakacheka chinichini: wachezaji gani hawa, wanaanzia uchochoroni? Hawakujua kwamba ndivyo marehemu mama mkwe alivyoifundisha nyumba nzima, kwenye meza ya jikoni: usimkimbilie mgeni mlangoni, mwache aje umwone mwendo wake.

Basi mchana ule ukaanza kuelea. Feni ilizunguka kivivu, pazia likavuta pumzi na kuitoa. Fundi akaona miraba ikilegea kama kitambaa kilicholowa, farasi wakipita bila kishindo, kete zake zikitoka ubaoni mojamoja kama wageni wasiopenda kuaga. Alipozinduka, amebaki na mfalme peke yake, kajibanza kwenye kona. Mfalme wa nesi anamjia, na malkia wake mzima.

Nesi akamsogeza malkia taratibu, akainuka. "Nimekubana, mke wa kaka! Haya, toka tukuone!"

Mfalme hakuwa na mraba wa kukanyaga. Na kwao jikoni, aliyekosa pa kwenda kashindwa, hakuna cha mjadala. Fundi, macho mazito, akanyoosha kidole amlaze mfalme wake.

"Acha kwanza," mwamuzi akasema. "Nani anamshambulia?"

Wakainama wote watatu. Hakuna. Malkia alimzibia njia zote, lakini pale mfalme aliposimama hakuna aliyemlenga.

"Hana pa kwenda, na hajashambuliwa. Hiyo ni sare, nusu pointi kila mmoja. Mchezo umekwisha."

"Sare ya wapi!" nesi akang'aka. "Kwetu huyo ni maiti!"

"Kwenu, dada. Hapa anapumua."

Fundi akasaini karatasi, mkono ukimwelea kama si wake. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ya timu, chini ya la wifi yake. Nesi akalitazama weee, akasonya, kisha kicheko kikamponyoka.

"Haya, tutasafiri wote, mlalaji mkubwa wee. Lakini kwenye basi usinilalie begani."