Shemeji Orrin na Mashine ya Kukaushia Nguo

Siku ya tatu ya msimu wa kuwinda kulungu, mashine ya kukaushia nguo ya Verna Tollefsrud ilianza kulia kama debe lenye kokoto. Siku ya tano ikazunguka saa nzima, na taulo zikatoka mbichi, zikinuka kama kwapa, na harufu ya kuungua ikapanda ngazi.

Verna alikuwa mjane kwa miaka sita sasa. Mashine ilikaa chumba cha chini, na huko ndiko alikolala Orrin, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuja kuwinda siku tisa, kisha akaomba abaki mpaka theluji iyeyuke. Verna alimwahidi jibu Jumapili baada ya ibada. Alikuwa akiomba Mungu amwonyeshe, maana kumtoa ndugu wa mume nje katika baridi ya Wisconsin si jambo la kuamua kwa hasira.

"Imezeeka hiyo, shemeji," Orrin alisema akinywa kahawa, kofia yake ya kuwindia ya rangi ya machungwa kichwani. "Nunua nyingine."

"Umetia nguo zako za porini humo?"

"Mimi? Naapa kwa kaburi la kaka, sijaigusa."

"Usiape. Sema ndiyo au hapana."

"Hapana basi! Lo, unanihoji kama polisi."

Orrin alipotoka na bunduki, Verna akachomoa waya ukutani. Marehemu alimfundisha: anza na chujio, kisha feni, kisha bomba mpaka nje. Chujio lilikuwa safi. Akafungua skrubu za ubao wa mbele, akamulika tochi.

Harufu ilimpiga usoni. Katikati ya mapanga ya feni kilikwama kichupa kilichopasuka, kama vile vinavyouzwa dukani kando ya risasi: mkojo wa kulungu jike, wa kujipaka nguoni ili madume waje. Feni nzima ilikuwa na utando wa manjano, na nyuzi za nguo zimenata humo kama ndevu zilizolowa. Hewa yote iliyopita ndani ya mashine ilikuwa imepita hapo. Verna akakumbuka taulo aliyofutia uso asubuhi ile, mdomo na yote. Akakimbilia sinki, akatapika kahawa.

Hicho kilieleza mlio. Hakikueleza kwa nini joto limekatika.

Akavaa koti, akazunguka nyuma ya nyumba. Tundu la kutolea joto lilikuwa limezibwa. Akavuta kwa vidole viwili, na ikatoka chupi ndefu ya sufi, ya Orrin, haijaona maji tangu msimu uanze. Nyuma yake bomba limejaa nyuzi za nguo tele, kama manyoya ya mto uliochanika.

"Usitoe hapo!" Orrin alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye miti. "Shemeji, sabuni yako ya maua inanukia mpaka kwenye kibanda changu cha kuvizia. Kulungu wanainusa kutoka mbali. Nimeziba tu mpaka msimu uishe Jumapili."

"Kila asubuhi nimekwambia nanusa kitu kinaungua."

"Najua. Lakini kuna dume la pembe zenye ncha kumi, shemeji. Kumi!"

"Chumba ninacholala kiko juu ya mashine hiyo, Orrin."

"Haikuwaka, si umeona?"

"Na kichupa?"

Akacheka. "Ah. Kilisahaulika mfukoni. Mkojo tu huo, mtu hafi."

Verna alimtazama, meno yake, kofia yake. Alijisikia kama ameshika kitu kinachoteleza.

"Jibu lako nakupa leo. Funga mizigo."

"Ulisema Jumapili! Kwa ajili ya mkojo?"

"Mkojo unafulika. Uliniacha ninuse moto siku baada ya siku, ukanywa kahawa yangu, ukaapia kaburi la mume wangu."

"Baridi hii unifukuze?"

Verna aliingia ndani, akanawa mikono mara tatu, akampigia simu Ardis, dada yake Orrin aliyekaa mji wa pili, mwenye chumba kitupu. Hakutaka damu ya mtu juu yake. Akamweleza yote, kichupa, kiapo, hata chupi.

Ardis akapumua.

"Mlete. Mimi sina mashine, natundika nguo kwenye kamba."